Maji ya Makombo

"Nani hujaza ule mtungi wa shaba?" Nitika wa chuo aliuliza kwenye simu, na swali hilo moja likatosha kuivuruga nyumba ya Bachint.

Virpal alikuwa jikoni, mikono imejaa unga, simu ameibana kwa bega. Alijibu bila kufikiri kwamba hujazwa na mama mkwe wake, Bachint. Nitika akasema basi, atarudia kupima, huenda chupa zilichanganyika, Virpal asiwe na wasiwasi. Mtu wa chuo akikwambia usiwe na wasiwasi, hapo ndipo pa kuuanza. Virpal alirudi kwenye unga wake.

Matokeo yenyewe yalikuwa rahisi kuelewa. Maji ya bomba la uani yalikuwa mabaya, na hilo kijiji kizima cha Ranewala kilishaambiwa. Maji yaliyotoka kwenye kichujio yalikuwa mazuri. Lakini maji hayo hayo mazuri, yakishahamishiwa kwenye mtungi wa shaba ambao Virpal hunywea, yaligeuka mabaya tena. Kati ya kichujio na mtungi ni upana wa ua tu, na anayepita hapo na maji ni mtu mmoja.

Virpal alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mbili za kwanza zilitoka. Hakuna daktari aliyesema ni maji, na hakuna aliyesema si maji. Hii ya tatu alikuwa akiilinda kwa macho yake yote, na sasa macho hayo yakahamia kwa mama mkwe.

Kichujio chenyewe kililetwa mwanzoni mwa majira ya baridi, wakati machenza yameiva na malori yanapita usiku na mchana kwenda kiwanda cha sharubati kule Abohar. Nitika, msichana wa miwani na pikipiki ndogo, alikusanya watu kwenye uwanja wa shule akawaeleza. Maji ya visima vyetu yana urani, madini yenye mnururisho. Hayaonekani, hayanuki, hayana ladha. Ile mashine ya kusafisha maji iliyojengwa kijijini ilishakufa, kufuli lake limeota kutu. Chuo kimechukua maganda ya machenza yanayotupwa na kiwanda, kikayachanganya na makapi ya mpunga, kikayachoma ndani ya mapipa yasiyopitisha hewa mpaka yakawa meusi kama mkaa. Maji yakipita humo, urani inanasa. Nyumba zitakazopewa ni zile zenye mjamzito au mtoto mchanga.

Watu walimsikiliza kama wanavyomsikiliza muuza mbegu. Mmoja aliuliza kwa nini wao wa chuo hawanywi. Nitika akanywa bilauri nzima pale pale, wakasema hayo alikuja nayo. Mwingine alisema ni mbinu ya kuifanya ardhi yetu ikose bei. Bachint yeye hakujali urani wala ardhi. Lililomkera ni maganda.

"Machenza yaliyokamuliwa wakanywa watu wengine, mimi ninyweshwe maji yaliyopita kwenye makombo yao?" alisema, na tangu siku hiyo kijiji kizima kikayaita maji hayo maji ya makombo. Gurudwara, nyumba yetu ya ibada, inatufundisha kwamba hakuna cha makombo wala cha najisi, wote tunakula mstari mmoja. Tunaitikia, halafu tukirudi nyumbani kila mtu na bilauri yake.

Virpal alikipokea kichujio kabla mama mkwe hajamaliza kusema. Jagsir, mumewe, aliunga kigoda cha mbao, mitungi mitatu ya udongo ikapangwa juu kwa juu: wa juu maji ya bomba, wa kati yale makapi meusi, wa chini maji safi. Kila wiki makapi yaliyokwisha kazi yalipaswa kutolewa, yakawekwa kwenye ndoo ya buluu yenye mfuniko, na mwisho wa mwezi Nitika angekuja kuichukua.

Wiki mbili Bachint alipita mbali na kile kigoda. Kisha asubuhi moja, bila neno, aliutoa mtungi wa shaba aliotoka nao kwao siku ya kuolewa, akaujaza maji ya kichujio, akaufunika kwa kitambaa cheupe, akamwambia mkwe wake kuanzia leo asiiname pale kwenye kigoda, atakuwa anamjazia yeye. Virpal siku hiyo aliona ni baraka. Alimpigia simu mama yake akamwambia mzee amelainika.

Baada ya swali la Nitika, baraka ile ikageuka kuwa fumbo. Mtu aliyeyatukana maji hayo juzi, leo ndiye ayamimine kwa mkono wake, na katika mtungi wa arusi yake? Kwa mapenzi gani ya ghafla hivyo?

*

Kikulacho ki nguoni mwako. Virpal alianza kuhesabu maneno ya zamani. Alikumbuka mimba ya pili ilipotoka, Bachint alimwambia jirani yao Chindo kwamba kuna matumbo kama ardhi ya mchanga, unapanda lakini haishiki. Alikumbuka binamu ya Jagsir aliyemrudisha mke kwao akaoa mwingine, na Bachint akaenda arusini akarudi akiisifu. Yalikuwa maneno ya kawaida ya mama mkwe yeyote wa kwetu Malwa, lakini mwenye shaka haoni cha kawaida.

Akaanza kuchunguza. Alifunga uzi mwembamba kwenye mfuniko wa mtungi wa chini ili ajue unafunguliwa mara ngapi. Aligundua kwamba kabla jua halijatoka, mama mkwe huzunguka nyuma ya banda la nyati na kitu amekificha chini ya shali, na akirudi mikono mitupu, huinawa kwa sabuni. Nyuma ya banda kuna pampu ya mkono, ile ya zamani, ambayo watu wa chuo waliipaka rangi nyekundu kwamba isinywewe kabisa.

Maji aliyoletewa alianza kuyamwaga chini ya mpera, Bachint akigeuka tu, na kiu yake akaimaliza kwa siri kwenye mtungi wa chini kwa bakuli. Siku ya tatu Bachint aliiona ardhi imelowa. Alisimama pale chini ya mpera kwa muda, akaitazama bilauri tupu aliyoshika mkwe wake, akaenda zake kukamua nyati. Wala hakuuliza. Virpal akaona kunyamaza huko nako ni ushahidi.

Alimweleza Jagsir wakati anakaza nati za haro, trekta likiwa limezimwa, ili asipate kisingizio kwamba hakusikia.

"Mama yangu akutilie sumu?" Jagsir alisema. "Kwa faida gani?"

"Sijasema sumu. Nimesema anachanganya na ya pampu."

"Kwa nini?"

"Kamuulize."

"Siwezi kumuuliza mama yangu swali kama hilo."

"Basi usinihoji mimi."

Jagsir alikuwa mwanamume mpole, na mpole akibanwa pande mbili hutafuta wa tatu wa kumlaumu. Akasema ni hao wa chuo. Nyumba ilikuwa na amani kabla hawajaja na mitungi yao. Nani amewaona wakipima? Wanatufanyia majaribio kama panya wa maabara, kisha wanatupigia simu kutugombanisha. Virpal alimwacha na haro yake. Alikwenda ndani akampigia mama yake, akamwambia yote, akamwapisha asimwambie mtu. Mama alimwambia dada yake tu. Dada ana shoga yake Ranewala, na shoga huyo husaga ngano mashine moja na Chindo.

Ilipofika Jumapili, Bachint aliingia dukani kununua chumvi, mazungumzo yakakatika. Muuza duka alimrudishia chenji kwa kuiweka mezani badala ya kumpa mkononi. Bachint aliiokota sarafu moja moja. Alirudi nyumbani akakaa kwenye kitanda cha kamba, akamwambia mwanawe, "Kuna neno linatembea, na miye ndiye wa mwisho kulisikia." Jagsir alisema hakuna neno, akatoka kwenda kuangalia maji ya ngano, shamba ambalo alikuwa ametoka kulimwagilia asubuhi ile ile.

*

Baba yake Virpal, mzee Malkit, alifika kumchukua binti yake siku ya mwisho wa mwezi. Alipanda pikipiki kutoka kwao, kilemba cheupe, ndevu amezifunga vizuri, uso umekaza. Jagsir alimletea bilauri ya maji juu ya sinia. Mzee aliusogeza mkono wa Jagsir pembeni.

Sasa, kila mtu anajua kwamba kwetu baba hanywi maji nyumbani alikomuoza binti. Ni heshima ya tangu enzi na enzi, na Malkit hajawahi kunywa tone katika nyumba ile miaka yote sita. Lakini siku ile langoni walikuwa wamejaa watu waliokuja kuazima vitu wasivyovihitaji, Chindo akiwa mbele na ungo wake mtupu, na wote waliona kukataa kule kwa jicho jingine. "Hata baba mtu," mmoja alinong'ona.

"Ndugu yangu," Malkit alimwambia Bachint, "mimi sikuja kugombana. Nimesikia yaliyosikika. Twende gurudwara, uape mbele ya Kitabu kwamba hujatia kitu kwenye maji ya mtoto wangu. Ukiapa, nageuza pikipiki narudi."

Alisema kwa adabu, na adabu yenyewe ndiyo iliyouma. Bachint alikuwa amesimama na mtandio kichwani, mjane aliyelea mwana mmoja na ekari tano za pamba bila kupiga magoti kwa mtu.

"Nimeua nani hata niape?" alijibu. "Nimemjazia mkwe wangu maji. Kama kumjazia maji kunahitaji kiapo, basi na kumpikia kunahitaji, na kumtandikia kunahitaji. Siapi."

Langoni watu wakatazamana. Asiyeapa ana lake. Virpal, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, aliingia chumbani akaanza kukunja nguo zake. Alikuwa akilia, na zaidi ya yote alikuwa na hasira na nafsi yake, kwamba alimpenda mwanamke huyu, na kilipofungwa kile kitambaa cheupe juu ya mtungi aliamini.

Ni katika hali hiyo Nitika aliwasili kuchukua ndoo yake. Alizima pikipiki langoni, akashangaa umati, akaingia huku anasema samahani. Hakuna aliyemtaka. Jagsir alimwambia arudi siku nyingine. Nitika akasema hapana, afadhali ayaseme leo kwa sababu ni ya haraka, kisha akamtafuta Virpal kwa macho.

"Nimepima tena, mara mbili. Maji ya mtungi wa shaba yana urani mara nne kuliko ya bomba."

Jagsir alikuwa wa kwanza kuelewa, pengine kwa sababu ndiye aliyetaka kuelewa. "Kuliko ya bomba? Basi hata mtu akijaza maji ya bomba matupu, au ya pampu..."

"Hayafiki hapo. Hakuna maji kijijini yanayofika hapo."

Kwa pumzi moja ilionekana kama Bachint amesafishwa, kisha watu wakaifikiria hesabu ile vizuri, na ikawa mbaya zaidi. Kama si maji ya pampu, basi ni kitu kilichotiwa. Malkit alisema polepole, "Kwa hiyo ni kweli sumu." Virpal alikaa kitandani na nguo zake mapajani, mkono juu ya tumbo.

Nitika alikwenda kwenye ndoo ya buluu akaifungua. Ilikuwa tupu, imeoshwa, imekauka.

"Makapi ya mwezi mzima yako wapi?"

"Nimeyachoma," Bachint alisema.

Hakusema kwa kujitetea. Alisema kama mtu anayeulizwa takataka za jana. Nitika alimwomba aeleze, naye akaeleza, akimtazama binti yule wa mjini kwa subira. Alisema Jagsir ndiye aliyemwambia, tangu kichujio kilipokuja, kwamba kilicho ndani ya ndoo ile ni sumu iliyotoka majini. Sasa yeye akae na sumu uani, na mwenye mimba anapita hapo kila saa? Ngoja ngoja ya mwisho wa mwezi, nani angeingoja? Alikuwa akiyabeba kidogo kidogo alfajiri, Virpal akiwa bado amelala ili asivute hata harufu yake, anayaanika nyuma ya banda, yakikauka anayatia jikoni pamoja na samadi ya nyati. Moto hausazi kitu.

"Na majivu?" Nitika aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Majivu ya jikoni huwa ya nini, mwanangu? Ya kusugulia vyombo."

Akaingia ndani, akatoka na mtungi wa shaba ameukumbatia. Uling'aa hata wale wa langoni walifinya macho. Akaugeuza waone na chini.

"Vyombo vingine navipitishia tu," alisema. "Huu nausugua kila siku, ndani na nje, kwa majivu mapya, kabla sijautia maji ya huyu mtoto. Niambieni ni nyumba gani ina chombo kisafi kama hiki, halafu mnidai kiapo."

Nitika alivua miwani. Alieleza kwa maneno machache, akikosea na kurudia, kwamba moto hauunguzi urani. Ganda linaungua, kapi linaungua, yenyewe inabaki yote katika majivu, imejikusanya mahali padogo, na majivu yakigusa maji inaachia upesi. Kilichokuwa kimetolewa majini kwa wiki nzima kilirudishwa na kusuguliwa ndani ya mtungi.

Bachint alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliuweka mtungi chini, taratibu, akarudi nyuma.

"Hukusema," alimwambia Nitika.

"Nilisema yasimwagwe. Nilisema wasipewe wanyama."

"Hukusema yasichomwe."

"Sikusema," Nitika alisema, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote. "Sikufikiria."

Virpal alipouliza kuhusu mtoto, na kukiri kwamba siku za karibuni maji aliyamwaga chini ya mpera, Nitika hakumdanganya. Alisema alikunywa wiki chache, na nyingine aliyamwaga, na ni bahati kwamba aliyamwaga. Aende hospitali Bathinda akapimwe figo, na mengine hayajulikani mpaka azaliwe. Malkit aliubeba mfuko wa binti yake. Alimwambia twende, la kujua na la kutojua ni lile lile, hapa si mahali pa kuzalia.

"Rudi tu, Baba," Virpal alisema. "Neno hili nimelianzisha mimi. Nikiondoka leo nitakuwa nimelitia muhuri."

Malkit alibishana naye hadi jua likapungua, akaondoka peke yake.

*

Nitika alileta ndoo nyingine, hii ina kufuli, na jivu lote la jikoni likazolewa pamoja na udongo wake, likapelekwa. Mtungi wa shaba nao ukaenda. Vyombo vikaanza kuoshwa kwa sabuni ya duka. Majibu ya hospitali yalikuja mazuri kwa Virpal, na mtoto alikuwa anacheza tumboni. Kichujio kilibaki. Ungedhani yamekwisha.

Bachint hakugusa tena chombo chochote cha mkwe wake. Alikula baada ya wengine, kwenye sahani yake, akaiosha mwenyewe. Virpal alimwambia, "Mama, mimi sina kinyongo," naye akajibu, "Najua, binti yangu," na siku ya pili ikawa vile vile. Usiku Jagsir alimsikia akiuliza gizani, si kumuuliza mtu, ni wiki ngapi hasa, na kila siku bilauri ngapi. Ilimuuma Jagsir kusikia, akajifanya amelala.

Virpal aliona dawa ni kulirudisha neno kule lilikotoka. Akaenda kwa Chindo, akamkuta anapepeta dengu, akamweleza tena mwanzo hadi mwisho: makapi, moto, majivu, mtungi. Chindo alisikiliza vizuri sana.

"Kwa hiyo sumu ilikuwemo," alisema.

"Ilikuwemo, shangazi, lakini..."

"Na aliyeitia ni yeye."

"Hakujua. Alikuwa ananisafishia chombo."

"Ndiyo, mwanangu." Chindo alimpapasa mkono kwa huruma ya kweli. "Ndivyo alivyokufundisha useme? Wewe sema hivyo hivyo. Ishi kwanza, ujifungue salama."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Baada ya hapo ikasemwa kwamba Virpal analazimishwa. Wakasema baba mtu alifukuzwa. Wengine walisema mtungi umefichwa ili polisi wasiuone. Wale wenye vichujio walianza kuvivunja mmoja baada ya mwingine, wakarudia bomba, kwa sababu maji ya makombo yameonekana wazi kuwa yanaua.

*

Siku ya kwanza ya kila mwezi kijiji hula pamoja gurudwara. Wanaume na wanawake huketi chini kwa mistari, kila mmoja na sahani yake na bilauri ya chuma, na wenye kujitolea hupita katikati na ndoo: wa chapati, wa dengu, wa wali wa maziwa. Bachint hugawa maji. Amegawa maji pale tangu alipokuwa mjane kijana, na hakuna aliyekumbuka mgao mmoja alioukosa.

Mwezi uliofuata Jagsir alimwomba apumzike. Bachint alijifunga mtandio, akajaza ndoo kwenye bomba lililo kando ya ukuta wa ua, akachukua kata, akaanza mwanzo wa mstari wa wanawake.

Wa kwanza alifunika bilauri yake kwa kiganja. Akasema ameshakunywa. Wa pili akasema ana mafua, maji yanamzidishia. Wa tatu alifunika tu, akageuka kuzungumza na mwenzake. Mwanamke mmoja aliinuka na bilauri yake, akaenda kwenye lile bomba la ukutani, lile lile, akajaza mwenyewe, akarudi kukaa. Wengine wakaona hiyo ni njia ya ustaarabu, wakaanza kuinuka. Wakapanga foleni kwenye bomba, wanakunywa pale pale na kupangusa midomo. Bachint alikuwa anapita mbele ya nafasi zilizoachwa wazi, kwa mwendo ule ule wa siku zote, akiinama kidogo kila mahali na kuinuka.

Virpal alikuwa ameketi katikati ya mstari, tumbo limeshaonekana chini ya shali. Aliona yote. Mama mkwe alipomkaribia, aliinyanyua bilauri yake juu kwa mikono miwili, juu kabisa, kila mtu aione.

"Nimiminie, Mama," alisema kwa sauti.

Wale wa foleni bombani waligeuka. Hakuna aliyehitaji kuelezwa: funda moja la mkwe mwenye mimba, kutoka mkono ule, mbele ya Kitabu na kijiji kizima, na neno lingekufa hapo hapo. Bachint alilijua hilo kuliko wote. Alichota kata, akaiinua mpaka kwenye ukingo wa bilauri.

Akaliangalia tumbo.

"Haya ni ya bomba, hayajachujwa," alisema chini kwa chini.

"Najua. Bilauri moja tu, Mama. Wanatazama."

"Waache watazame."

"Mama, tafadhali. Moja haidhuru."

"Hata moja," Bachint alisema. Aliyarudisha maji ndooni, yote, akaishusha bilauri ya mkwe wake kwa mkono wake mwingine mpaka ikagusa mkeka.

Chindo, aliyefuata kwenye mstari, aliifunika yake upesi. "Mmeona?" akamwambia jirani yake, wala hakujali nani anasikia. "Huyu mwenyewe hathubutu kumpa mbele za watu."

Bachint alimsikia. Aliinama kidogo mbele yake kama alivyoinama kwa wengine, akasogea kwa anayefuata, na kwa aliye baada yake, mpaka mwisho wa mstari, na ndoo ikarudi imejaa.